Mbegu Iliyonasa Kwenye Upindo

Harufu ya majani yaliyooza kwa maji ilinipiga usoni kabla sijaona mti hata mmoja. Tulikuwa ndani ya jengo la vioo, hapa hapa Dubai, lenye msitu wa mvua uliopandwa ghorofa kwa ghorofa, na huko nje jua linakaanga lami. Ilikuwa siku yangu ya mapumziko, nimempeleka binti yangu Kache. Mvua ikanyesha kutoka kwenye mabomba, watoto wakapiga makofi. Mimi nikapandwa na hasira. Harufu ile ni ya kwetu, na nilikuwa nimeikatia tiketi.

Kwetu ni nyuma ya Kilifi, kwa Wagiriama, ubavuni mwa kaya. Kaya ni msitu wa wazee wetu, mkongwe kuliko jina lolote tunalolikumbuka. Aliyenilea ni Hawe, yaani bibi yangu mzaa mama. Akienda kaya alijifunga kaniki, akavua ndala, akapiga hodi kwenye miti kama mtu aliyefika kwa jirani. Mnaocheka, chekeni, mimi pia nilicheka. Na kilichomo humo hakitoki, hata ukuni mkavu uliojiangukia wenyewe. Tulikuwa tukitembea asubuhi nzima kutafuta kuni, na kuni tele zimelala pale, karibu na jiko letu. Nilimwona Hawe mkaidi kupindukia.

Siku moja tulitoka kaya na akina mama waliokwenda kuomba mvua. Nyumbani sima imeshapakuliwa, inafuka moshi, njaa inanisokota. Hawe akanigeuza, akaukagua upindo wa leso yangu. Akabandua mbegu moja yenye vijimwiba, ndogo kama chawa.

"Twende."

"Wapi, Hawe?"

"Tukairudishe."

Mjomba Kazungu alicheka mpaka sima ikampalia. "Mama, msitu wote ule utajuaje umepungukiwa na hicho kidude?"

"Nawe ni mmoja tu kati ya wanangu," Hawe akamjibu. "Ningekusahau njiani, ungenyamaza?"

Tukarudi na jua la utosini. Nililia njia nzima. Hakunibeba wala hakunibembeleza. Alipiga hodi, akangoja, akaingia. Akainama, goti likilia kama mlango mbovu, akaifukia ile mbegu kwa kidole gumba. Kisha akasema kwa sauti, "Poleni. Huyu ni Sidi, wa binti yangu Kadzo. Ni wenu."

Nilinuna hadi usiku. Nilidhani ananishtaki.

Hawe alikufa nikiwa huku. Niliomba ruhusa nikamzike, bosi akasema khalas, yaani basi, likizo ni mwakani. Nikamzika kwa simu, nimejifungia kwenye choo cha ofisini, mtaa wa Silicon Oasis, nikisikia jamaa zangu kule nyumbani wakimlilia na mimi nimeziba mdomo. Sijasamehe, na msiniombe nisamehe. Binti yangu akazaliwa baadaye, nikampa jina la Hawe, ambaye naye aliitwa Kache. Amekulia kwenye chumba cha kugawana mtaa wa Karama, hapa Dubai, hajawahi kukanyaga kwetu.

Basi siku ile kwenye vioo tulikuwa tumeshafika mlango wa kutokea Kache alipofumbua kiganja. Jani.

"Twende tukalirudishe," nikasema. Maneno yalinitoka kabla sijayafikiri.

Mlinzi, kijana wa Uganda, akanyoosha mkono. "Madam, hapa ni kutoka tu."

"Kaka, nusu dakika."

"Kwa jani? Si tunafagia jioni!"

"Fagieni mengine."

Akacheka, akatupisha. Kache akaliweka jani chini ya mti, taratibu, kama anayelaza mtoto. Akaniangalia. "Mama, sasa tunasema nini?"

Nikafungua mdomo. Poleni. Nikakwama hapo. Poleni akina nani? Miti ilikuwa mizuri, mirefu, yenye maji ya kutosha, lakini haikuwa na wenyewe. Hakukuwa na wa kumwambia chochote.

Hapo ndipo nilipomwelewa Hawe, nimechelewa miaka yote hiyo. Hakunishtaki. Alikuwa ananitambulisha, ili kokote nitakakotupwa na maisha, pawepo mahali panaponijua mimi ni wa nani. Mbegu angeweza kuirudisha peke yake. Alichotaka ni mimi nifike.

Tulipanda metro, Kache akanilalia mapajani, nywele zake zinanuka majani mabichi. Nilikuwa nikimwangalia na kuumia. Hawe hayupo, kazi ya kumtaja imebaki kwangu, na mimi niko huku. Kaya bado haijaambiwa kwamba mwanangu yupo.