Benchi la Bwana Siafu

Kanisa letu limejengwa mara tatu mahali palepale, na mara zote mikono ya ukoo wetu ilikuwamo. La kwanza, la udongo, alilikandika baba yake babu. La pili, la mabati, babu alilipigilia misumari. La tatu ni hili la mawe: babu fundi mkuu, baba fundi chini yake. Jina la babu limechongwa kwenye jiwe la msingi.

Kila Jumapili baba alikaa benchi la pembeni kushoto, peke yake. Ukimsogelea, anakufukuza: "Hapa pana siafu." Wakamwita Bwana Siafu. Mimi niliona aibu, nikidhani ni uzee.

Kumbe alikuwa analinda ufa wa ukutani. Alibandika kiraka cha saruji juu yake, kikipasuka anabandika kingine. Ukuta ukitulia, kiraka hubaki kizima, ukisogea, hupasuka. Mwaka jana vilipasuka viwili. Mwaka huu, vitano.

Kisha kamati ikajenga roshani ya kwaya, pembe hiyohiyo. Siku ya uzinduzi watoto thelathini walipanda, binti yangu akiwamo. Baba akapapasa kiraka alichobandika Ijumaa. Kimepasuka. Akasimama katikati ya sala.

"Washusheni watoto!"

"Mzee wetu, tulia," alisema mchungaji.

"Chini hapa pana kisima cha kanisa la kwanza. Baba yangu alikifukia kwa kifusi tu, akajenga juu. Aliniapisha nisiseme. Washusheni!"

"Leo siafu wamempanda kichwani," mtu alisema, na kanisa zima likacheka. Uongo wa miaka mingi ulikuwa umeula ukweli wake. Nilipanda ngazi mbio, nikamshusha binti yangu. Wa wenzangu walibaki, na nyimbo zikaendelea. Ukuta haukuanguka, basi baba akaonekana mwehu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, hilo nani halijui? Kamati iliuziba kwa rangi nyeupe, viraka vikafunikwa. Nilikasirika hadi nikalia.

Baba bado anakwenda kukaa palepale.

"Baba, hukai kwingine kwa nini?"

"Kisima ni chetu, mwanangu. Mtu wa kwanza kukisikia kikididimia awe wa kwetu, apige kelele. Safari hii pengine watakimbia."

Jumapili iliyopita alirudi na vumbi jeupe mabegani. Kwaya ya watoto inaimba tena kesho.