Niliwagawa akina mama wa ndagala Minago kwa laptop, nikaruka ngazi ya mwisho

Wakuu, amahoro. Haya ninayoandika yalinitokea mimi mwenyewe na yananivua nguo, kwa hiyo atakayecheka acheke taratibu.

Mimi ni mtu wa Rumonge. Nilisoma informatique, yaani mambo ya kompyuta, Bujumbura, nikarudi nyumbani na laptop pamoja na maringo.

Pale Minago, kando ya Ziwa Tanganyika, kuna ushirika wa akina mama wanaoanika ndagala, dagaa wetu. Walipata vichanja vipya vya waya, ila viliwekwa kwenye viwanja vinne vilivyo mbali kimoja na kingine. Ikabidi wagawanywe makundi manne yanayolingana, bila kuwatenganisha wanaosaidiana kazi. Mama rais wa ushirika akaniomba nisaidie.

Nikaona siku yangu imefika.

Kwa wasioijua, kazi hii ina njia yake. Kila mama ni nukta, na wanaoshirikiana unawaunga kwa mstari. Nukta zikiwa nyingi hukati moja kwa moja. Unazikunja kwanza: mbili zilizoshikana sana zinakuwa moja, unarudia ngazi kwa ngazi mpaka zibaki chache. Hizo chache ndizo unazigawa mafungu manne.

Kisha unakunjua, ngazi kwa ngazi. Kila ngazi unawatazama walio mpakani, na anayefaa upande wa pili unamhamisha. Hiyo ndiyo refinement.

Mistari yangu niliichora kwa swali moja tu: nani anapokea samaki kwenye mtumbwi upi. Wa mtumbwi mmoja nikawaunga. Swali moja halioni kila kitu, kwa hiyo ngazi ya chini kabisa, ya mama mmoja mmoja, nilipaswa kuipitia nao wenyewe. Nilijua hilo. Lakini mchoro ulishapendeza, rais ameshanisifia, nikaona nisijichoshe, nikairuka.

Siku ya kusoma majina, Mama Zaina alinifuata. Ni Mwislamu wa hapa hapa Rumonge, umri wa mama yangu. Alikuwa na Mama Furaha, Mkristo aliyetoka Kivu. Nilikuwa nimewaweka viwanja tofauti.

"Mutoto wangu, uniache na Mama Furaha," akasema. "Siye tumezoeana."

"Mama, ordinateur imeisha kuamua," nikamjibu mbele ya watu, nikiinyooshea laptop kidole.

Sikumuuliza hata wamezoeana kwa nini. Kila nikikumbuka hapo, uso unaniwaka.

Ijumaa iliyofuata Mama Zaina alianika mzigo wake wote, akaenda msikitini. Mwezi ulikaribia kujaa, zile siku mitumbwi haitoki kwa kuwa samaki hawafuati taa, na mzigo huo ndio ungemvusha yeye na wajukuu.

Mvua ikashuka. Kila mama kwenye kile kiwanja akakimbilia kichanja chake. Mama Zaina aliporudi alikuta ndagala zake zimelowa chapachapa. Jua halikutoka kesho yake, zikaoza, akawapa bata.

Nilipokwenda kumpa pole ndipo nikajua. Miaka yote Ijumaa Mama Furaha alikuwa akimwanulia mvua ikija, na Jumapili Mama Furaha akiwa kanisani, yeye alimwanulia mwenzake. Hawajawahi kupokea samaki mtumbwi mmoja, kwa hiyo kwenye laptop yangu hawakuwa na mstari hata mmoja.

Hakugomba. Aliuliza tu:

"Ile ordinateur yako iliuliza nani anaangaliaka ndagala yangu Ijumaa?"

Nikasema haikuuliza.

"Na weye haukuuliza."

Wiki ile ile nilipita kila kiwanja, nikakaa na kila mama, nikahamisha wengi. Wao wawili niliwarudisha pamoja. Ndagala zake sikuweza kuzirudisha.

Kwenye mkutano wa ushirika mtu akauliza kwa nini Mama Zaina alipata hasara. Nikajua leo naumbuka. Mama Zaina akasimama, akasema mvua ni ya Mungu, kisha akaketi.

Wakanipigia makofi kwa kugawa vizuri. Nami nikayapokea, wakuu. Nilisimama pale nikitabasamu, na yeye anapiga pamoja nao.

Nilichojifunza: mashine inalinda mistari uliyoichora, usiyoichora inaikata bila kusita. Atakayekuonyesha mstari uliousahau ni mwenyewe aliye mpakani, ukimpa nafasi ya kusema.

Ushirika mpaka leo wanaamini ilikuwa mvua. Mkutano mwingine ni Jumanne, na nimeomba nafasi ya kuzungumza, niseme kosa lilikuwa langu. Wenye busara nisaidieni: nianzeje? Matusi pia nitayasoma.