Siku Niliyomfukuza Mtani Matangani

Mimi ni mtu wa Kinangop, Kenya, nchi ya viazi na baridi, ambako watu hutembea mbio hata wakiwa hawana waendako. Chuo changu kiliponipeleka Tanzania muhula mmoja kujifunza kilimo cha mwani, nilijiambia sina la kufundishwa zaidi ya mwani wenyewe. Lugha ninayo, ugali nakula, Mungu namjua. Nikapelekwa Mlingotini, kijiji cha pwani karibu na Bagamoyo, nyumbani kwa mama mmoja mkulima wa mwani na mumewe, fundi cherehani aliyeacha kazi kwa sababu ya macho. Asubuhi ya kwanza nikatoka chumbani nikamwuliza mama, "Kamba za mwani ziko wapi?"

"Marahaba," akajibu.

Nikadhani hasikii vizuri. Nikauliza tena, kwa sauti ya kuitia ng'ombe.

"Marahaba, mwanangu," akasema, akaendelea kupepeta mchele wake. Mzee alicheka hadi akashikilia mlango.

Jamani! Kumbe alikuwa anajibu shikamoo ambayo sikuitoa, na kamba hazingeonekana mpaka itoke. Ikatoka. Zikafuata umeamkaje, umelalaje, kwenu hawajambo, na baridi ya kwenu je, imepungua? Maji yanakupwa huko pwani, wenzetu wamekwisha shuka shambani, na mimi bado naulizwa hali ya bibi yangu. Nilinuna siku nyingi. Kila nikikatiza uani mzee alinitupia neno: "Mkenya, nani anakufukuza?" Nami namjibu, "Kazi, mzee," naye anatikisa kichwa kwa huruma.

Lakini watu wale walinipenda, sitaki kudanganya. Mama alinifunga kanga kiunoni kwa mikono yake, akanionyesha namna ya kukifunga kitawi cha mwani kwenye kamba kisichomoke na kisinyongwe. Nikianguka kwenye tope alinicheka kwanza ndipo aniinue. Nilizoea. Nikaanza hata kuwaona mabinti wenzangu wa Dar wanaokuja Jumapili kuwa hawana adabu.

Kisha mzee akafa. Alikwenda Bagamoyo mjini kunyolewa, akaanguka kitini kwa kinyozi, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine bado. Kinyozi, Mungu ambariki, alimmalizia kabla hawajamleta nyumbani. Mchana akafika, alasiri akatolewa kwenda kuzikwa. Mimi niliyetoka kwenye nchi ya kamati za mazishi nilibaki nimeduwaa. Kwetu, wakati huo, tungekuwa bado tunabishana rangi ya mahema.

Mama hakulia. Alikaa juu ya mkeka katika chumba kinachotazama uani, mgongo ukutani, anafuata ukindu kwa kidole. Akaletewa uji, ukapoa. Akaletewa chai, ikapoa. Hakumjibu mtu hata kwa kichwa. Shangazi, yaani dada wa marehemu, alikuwa akizunguka baina ya chumba na jiko huku anajipiga mapaja. "Huyu asipolia atamfuata mwenzake," alisema. "Ale, aseme, hata atutukane, mradi afungue mdomo." Wanawake wote walikuwa na dua hiyo hiyo moja.

Wote isipokuwa mimi. Mimi nilimwona mama kuwa shujaa. Alipozikwa baba yangu, mimi ndiye niliyeendesha ratiba. Nilisimama na kipaza sauti nikamwambia ami yangu kwamba dakika zake zimekwisha, aketi. Sikutoa chozi hata moja. Watu walinisifu kwamba nina moyo wa chuma, nami nikaibeba ile sifa tangu siku hiyo, naijivunia. Kwa hiyo nikakaa mlangoni pa mama, mikono kifuani, niko tayari kumlinda na yeyote atakayemsumbua.

Wanaume walipokwisha kwenda makaburini, akaingia uani bibi mmoja mnene, Mnyamwezi, muuza maandazi wa kijijini. Nilimfahamu. Kilichonishtua ni mavazi: alikuwa amevaa koti la mzee na kofia ya mzee. Mikono nyuma, tumbo mbele, akakohoa kikohozi cha mzee, sawasawa kabisa. Kisha akaenda kwenye masufuria ya wali na maharage ya matanga, akafunua la kwanza, akachungulia, akafunika. Akafunua la pili, akachungulia, akafunika. "Sina njaa," akasema kwa sauti nzito, akaketi kitako kusubiri kupakuliwa.

Ndivyo mzee alivyokuwa kila siku ya maisha yake. Wanawake wakaangua kicheko. Kicheko, matangani! Akainuka, akaanza kuburuta miguu kama mzee anayetafuta kobazi zake, huku anauliza, "Mke wangu yuko wapi? Amekwisha olewa?"

Hapo damu ikanipanda. Sikumbuki nilivyofika pale. Nilimpokonya kofia, nikamvuta koti, nikamwambia, "Huna haya? Mtu hata hajafukiwa kaburini, wewe unamfanyia vichekesho! Toka!" Nikamsukuma hadi mlango wa ua.

Yule bibi hakubisha. Alilivua koti, akalikunja vizuri, akaniwekea mikononi. "Haya, mkubwa wangu," akasema, akaenda zake.

Wanawake wote wakanigeukia. Nilingoja kushukuriwa. Shangazi akaja, akanishika sikio, naam, mimi mtu mzima wa chuo, akanivuta pembeni.

"Umemfukuza mtani wetu, wewe!"

"Alikuwa anamdhihaki marehemu, shangazi."

"Ndiyo kazi yake, na koti nilimpa mimi! Sisi Wazaramo, wale Wanyamwezi. Kwao akifa mtu, sisi tunakwenda kuwafanyia hivyo hivyo. Nani mwingine atathubutu kumchekesha mfiwa? Mimi? Mimi nitamchekesha vipi, na kaka yangu ndiye aliyekufa?" Akajipiga paja. "Na alikuwa amekwisha mpata mama. Hukuona? Mfuniko ulipolia, aliinua kichwa."

Sikuona. Nilikuwa nimempa mama mgongo, namlinda. Nilipochungulia chumbani, alikuwa amegeukia ukuta.

Usiku ule hakula. Asubuhi midomo yake ilikuwa imepasuka, na alipojaribu kwenda kutawadha magoti yalikataa, tukambeba. Nikaogopa kwelikweli. Nikachukua koti na kofia nikaenda kwa muuza maandazi, nikapiga magoti kando ya karai lake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akageuza maandazi. "Habari za kwenu? Baridi haijambo?"

"Haijambo, bibi."

"Na askari wenzako?"

"Nisamehe, bibi. Sikujua. Nakuomba urudi, mama hali."

"Mimi nimefukuzwa. Mtani akifukuzwa harudi bure, ana faini yake." Akanitazama kutoka utosini hadi miguuni, akafurahi kwa alichokiona. "Hilo koti ulilonivua, livae."

"Bibi, mimi?"

"Sasa nani? Mimi nitakuja kutazama. Na ukifanya vibaya nakufukuza."

Yesu na Maria! Mimi ambaye hata kanisani sipigi makofi. Nililivaa. Lilikuwa na harufu ya mafuta ya cherehani. Nikaingia uani mikono nyuma, nikakohoa, kikatoka kikohozi cha mbuzi. Wanawake wakaziba midomo kwa kanga. "Tumbo!" mtani akanifokea kutoka nyuma. "Mzee alikuwa na tumbo!" Nikatoa tumbo. Nikaenda kwenye sufuria, nikafunua, nikaunguza vidole, nikaudondosha mfuniko chini, paa! Nikasema haraka haraka, "Sina njaa."

"Huyo ni mzee au anakimbilia basi?" mtani akauliza. "Pole pole, marehemu! Huna haraka tena wewe."

Kicheko kikapasuka. Nami, masikio yanawaka, nikaanza upya, pole pole. Nikafunua. Nikachungulia. Nikafunika. Nikakohoa. Na nilipokuwa nageuka niseme neno langu, sauti kavu ikatoka chumbani.

"Huna njaa, huna njaa, na ukipakuliwa unamaliza."

Wote tukageuka. Mama alikuwa amejivuta hadi kizingitini. Alikuwa ananitazama mimi, lakini hakuniona mimi. Aliona koti.

"Ulisema unakwenda kunyolewa," akaniambia. "Nikakujibu haya, bila hata kugeuka, nilikuwa naanika mwani. Umekwenda moja kwa moja. Hata kuniaga, mume wangu? Hata kuniaga?"

Hilo halikuwamo kwenye mchezo. Nikamtazama mtani anisaidie. Alikuwa ameacha kucheka. Akaniashiria kwa kidevu, taratibu: muage.

Nikachuchumaa mbele yake. "Mke wangu," nikasema kwa sauti nzito, "nimekuja kukuaga." Nikataka kuendelea, lakini sauti ya mzee iliniponyoka ikatoka yangu, na nilichokuwa nakisema sikujua tena namwambia nani, yeye au yule niliyemzika kwetu nikiwa nimeshika saa. "Kwaheri," nikasema. "Kwaheri. Kwaheri." Nililia kilio kibaya, cha kamasi, cha kukwama pumzi, ndani ya koti la watu.

Mama naye akapiga ukelele, akanikumbatia, akalia. Shangazi akalia, ua mzima ukalia. Mtani pekee ndiye aliyebaki amesimama, mikono kiunoni, anafuta macho kwa kiganja chenye unga.

"Lo!" akasema. "Marehemu gani huyu, analia kuliko wafiwa?"

Mama akacheka. Kicheko kikamtoka katikati ya kilio, puani, naye mwenyewe akashtuka. Akanivua ile kofia, akanifuta kamasi kwa upindo wa kanga yake, akaomba sahani. Tukaletewa wali. Akaumega, akala. Kisha akanisogezea sahani.

"Kula, mwanangu," akasema. "Na baba yako, hukuwahi kumlilia?"

Nikamwambia bado. Akaomba wali uongezwe, akanisogelea, akaniambia nimsimulie habari za baba tangu mwanzo, nisiharakishe.