Breki ya Nyuma

Nimerudi likizo juzi na kukaa kumenishinda. Mama kaniambia nisome, nimesoma ukurasa mmoja mara tano. Nimefagia uwanja ambao ulishafagiliwa. Nimegombana na mdogo wangu kuhusu chaja, nikashinda, halafu hata sikuitaka tena. Mwisho nikavaa kandambili nikashuka mpaka chini kabisa ya Kijichi, pale mkono wa bahari unapoingia kwenye mikoko, nikaangalie lile gofu letu. Ilikuwaga nyumba ambayo mwenyewe aliinyanyua mpaka kwenye madirisha, halafu maji yakamwambia basi, imetosha. Gofu halipo. Pamejazwa kifusi, pana ukuta na geti jeusi lililoandikwa mbwa mkali. Nikachungulia kwenye upenyo, nikamwona mbwa mkali mwenyewe kalala kivulini, hata sikio hakuinua.

Basi nimerudi nyumbani na miguu inaniwasha bado, na kwa kuwa siwezi kukaa, acha nikuhadithie.

Mambo haya yalitokea nikiwa darasa la sita. Babu yangu alikuwa mchonga vinyago, alikuja Dar kijana kutoka Newala na patasi zake kwenye gunia. Asubuhi alichonga, jioni alivua kwa mshipi wa mkono, ule uzi unaozungushwa kwenye kipande cha mti. Samaki akivuta kwa nguvu, babu aliuachia uzi upite kati ya vidole kidogokidogo, akichoka yule, anamrudisha. Vidole vyake ndivyo vilivyokuwa breki. Kimoja kilikuwa na mfereji ndani, kama barabara ya Mbagala baada ya masika.

Halafu kikaja kiharusi. Mguu ulirudi, mdomo ulirudi nusu, mkono wa kushoto ukagoma. Uliweza kusukuma kitu lakini haukuweza kushika. Patasi zikaingia sandukuni chini ya kitanda, mshipi ukaning'inizwa msumarini, na babu akaanza kutembea. Aliizunguka nyumba toka alfajiri mpaka adhuhuri, akala, akaizunguka tena. Mchanga ukafanya njia. Bibi, akiwa anamenya ming'oko, vile viazi pori alivyoletewa na ndugu zake wa kusini, alikuwa anahesabu mizunguko kwa sauti ili amkere. "Huyu mwanamume atachimba mtaro," alisema, "mvua zikija tutamshukuru."

Ni mjomba aliyeleta wazo. Alikuwa na fimbo ya kuvulia, ile ndefu inayopinda, ila haina rili, ile mashine ya kuzungushia uzi. Akampa babu fimbo na hela ya rili. Mkono mmoja unazungusha, alisema, na kwapa linashika fimbo. Babu akaacha kutembea, akaniita mie tukanunue, kwa sababu mie ndiye niliyekuwa mtaalamu. Utaalamu wangu ulitoka kwenye simu ya mama. Nilikuwa nimeangalia video za uvuvi wiki nzima, na hakuna binadamu anayejua mambo kama mtoto wa miaka kumi na mbili aliyeangalia video wiki nzima.

Duka la vifaa vya uvuvi lilikuwa Mtongani, la Mwarabu mmoja mpole aliyelirithi kwa baba yake. Kamba, rangi za mashua, ndoana, na harufu ya mpira mpya iliyokuwa inanipa njaa sijui kwa nini.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, binti. Umemleta babu au babu kakuleta wewe?"

"Nimemleta mie. Tunataka rili yenye breki nzuri."

Akaweka mbili juu ya meza. Wewe unayenisoma labda hujawahi kushika hicho kitu, kwa hiyo nakupa kwa ufupi. Ndani ya rili kuna visahani vinavyobanana. Ukikaza, uzi hautoki. Ukilegeza, samaki anavuta uzi taratibu mpaka anachoka, na uzi haukatiki. Ukikosea breki, unavua hadithi tu.

"Hii breki yake iko mbele, usoni," mwenye duka akasema. "Visahani vipana, inabana vizuri, ina nguvu. Na hii breki iko nyuma, kwenye makalio, samahani mzee. Visahani vidogo, nguvu kidogo. Lakini ina hiki kijiti hapa. Ukikisukuma huku inakaza, huku inalegea. Hata kwa kiwiko."

"Babu, ya mbele," nikadakia. "Wote wanatumia ya mbele."

"Wote akina nani?" babu akauliza.

"Kwenye video. Wazungu."

"Na hao Wazungu," mwenye duka akauliza polepole, "wana mikono mingapi?"

Alisema kwa wema, naapa. Lakini babu alisikia. Aliuangalia mkono wake wa kushoto uliokuwa umelala juu ya meza kama mzigo wa mtu mwingine, akauvuta chini. "Nipe ya mbele," akasema. "Sikuja hospitali, nimekuja dukani." Nikafurahi. Nilidhani nimeshinda hoja.

Jumamosi maji yalipoanza kujaa tukashuka kwenye gofu na kamba wabichi wa chambo. Vijana wa mtaani walikuwepo, kama kawaida yao, wamepanga miguu kwenye dirisha lisilo na nyumba, singeli inapiga kwenye simu ya mmoja wao. Babu akakaa juu ya msingi, kitako cha fimbo kwapani kushoto, mkono wa kulia kwenye mpini wa rili. Nikamrushia mie. Tukangoja. Mie kungoja sijui, nilitupa mawe mpaka babu akaniambia nitupe na akili zangu humohumo.

Fimbo ikainama ghafla mpaka ncha ikagusa maji.

"Legeza babu! Legeza!"

Akaachia mpini, akapeleka mkono mbele, ukapita juu ya uzi unaokimbia, akatafuta kitasa cha breki kwa kupapasa. Fimbo ikaanza kumtoka kwapani.

"Kushoto, babu! Zungusha kushoto!"

Akazungusha kushoto. Kushoto kwangu mie niliyesimama mbele yake, namtazama usoni, ni kulia kwake yeye. Akakaza. Uzi ukalia kama gitaa, halafu, tap! Fimbo ikarudi juu, nyepesi.

"Babu!" kijana mmoja akapiga kelele toka dirishani. "Vipi, simu imekatika?"

Wote wakaangua kicheko. Na mie nikacheka. Nakwambia ukweli kwa sababu wewe si mtu wa kwetu: mie ndiye niliyekuwa wa mwisho kunyamaza. Nilikuwaga hivyo, utani ukipita karibu yangu lazima niupande. Nilipogeuka, babu alikuwa ananiangalia. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akaninyooshea fimbo akasema, "Shika kitu chako."

Nyumbani aliichomeka fimbo juu ya kenchi ya paa, akakaa kwenye kiti cha barazani, na hakuinuka. Kesho yake pia. Hakuzunguka nyumba, hakumjibu bibi, alikula kile alichopewa akarudisha sahani. Upepo ukaanza kufuta ile njia yake mchangani. Bibi alihama kutoka kwenye masihara akaingia kwenye kunong'ona na mama jikoni. "Heri alipokuwa anachimba mtaro," nilimsikia akisema. Nikaona wazi kuwa kama babu hatarudi majini, tumeshampoteza, hata kama bado anakula nasi. Na aliyempoteza ni mie, kwa mdomo wangu, mara mbili: mara ya kwanza dukani, mara ya pili pale gofuni. Usiku ule niligeuka kitandani mpaka shuka likanifunga kama sambusa.

Jumatatu nilipotoka shule nikaifungua rili, nikaitia kwenye begi kati ya daftari la hesabu na la sayansi, nikaenda Mtongani peke yangu. Mwenye duka akaipokea, akainusa.

"Imelowa maji ya chumvi."

"Mara moja tu."

"Kikilowa hakirudi, binti. Sheria hiyo aliiweka marehemu baba, mie nimeikuta."

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri toka asubuhi. Yote yakakimbia. "Aliyekosea ni mie," nikasema. "Si yeye. Yeye sasa hivi anakaa tu."

Mwenye duka akaiweka ile rili pembeni. Akainama chini ya meza, akapekuapekua, akatoka na rili ya breki ya nyuma, mpya, ila kile kijiti chake kilikuwa kimevunjika, kimebaki kisiki kidogo kama jino la mtoto. "Ilikuja hivi kwenye boksi kutoka China," akasema. "Hii hainunuliki, na hiyo yako imelowa. Mgonjwa kwa mgonjwa. Ila hicho kijiti sina pa kukitoa."

Njia nzima nilijifunza kuomba msamaha. Nitapiga magoti, nitasema babu nisamehe, nitaangalia chini. Nikafika barazani, nikapiga magoti, nikafungua begi, nikaitoa ile rili, na kilichotoka mdomoni ni hiki:

"Babu, nimekuletea mwenzio. Na yeye mkono wa kushoto haufanyi kazi."

Bibi akadondosha mwiko. "We mtoto! Una adabu kweli wewe?" Mama akatokea mlangoni na ule uso unaotangulia kandambili. Babu aliiangalia rili. Akagusa kile kisiki kwa kidole chenye mfereji. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikaogopa kiharusi kimerudi, kumbe anacheka. Alicheka upande mmoja wa mdomo, machozi pande zote mbili.

"Wanafanana na mie hawa Wachina," akasema. "Lete sanduku."

Hakuna aliyelifungua lile sanduku toka augue. Ndani mlikuwa na patasi zake na vipande vya mpingo vizito kama chuma. Babu akashuka kwenye kiti, akakaa mkekani, akanyoosha miguu, akakibana kipande cha mti katikati ya nyayo zake. Ndivyo wachongaji wa kwao wanavyofanya, miguu ndiyo jiliwa la kubania, mikono ni ya kukata. Nikashangaa kwamba sote, na yeye mwenyewe, tulikuwa tumeomboleza mkono mmoja miezi yote ile tukasahau kuwa ana miguu.

"Shika hapa," akaniamuru. "Si hapo, hapo nitakuchonga na wewe, utoke sura ya heshima."

Kijiti cha kwanza kilikuwa kirefu mno, kikagonga mpini. Cha pili kilipasuka, akakitukana Kimakonde, bibi akaziba masikio kwa furaha. Cha tatu hakikuwa kijiti tena. Ulikuwa kama mkono mdogo wenye kiganja kilichobonyea, na kifundo kibovu cha babu kiliingia humo kama yai kwenye kikombe. Akaupima na kuukwangua siku nne. Mie nilipasha msumari kwenye jiko mpaka ukawa mwekundu, akatoboa tundu nao, moshi mweusi wenye harufu tamu ukajaa baraza. Tukapachika kwenye kisiki kwa gundi na kufunga kwa uzi wa kuvulia.

Jumamosi tukarudi gofuni. Nilijiapiza sitasema neno, nikauma ncha ya mtandio wangu. Fimbo ilipoinama niliuma mpaka nikasikia uzi wa kitambaa unakatika. Babu hakuachia mpini. Alisukuma kifundo cha kushoto kidogo tu, breki ikalegea, rili ikaimba krrrr, uzi ukaenda. Akangoja. Akasukuma upande wa pili, akazungusha. Akalegeza tena, akakaza tena, polepole, huku jasho linamdondoka kidevuni, na wale vijana dirishani wakazima singeli bila kuambiwa. Akamtoa kolekole wa urefu wa mkono wangu, anayeng'aa kama sufuria mpya. Kijana mmoja akashuka mbio kumshika yule samaki asirudi majini, akasema, "Shikamoo, babu."

Bibi alimpika kwa nazi. Tulikula kwa kunyonya mifupa.

Babu alivua miaka mitatu mingine, halafu akatuacha, kipupwe kimoja nikiwa shule ya bweni. Rili mjomba aliichukua, sijui iko wapi. Bibi yuko Sinza kwa shangazi na ming'oko haletewi tena na mtu. Vijana wa dirishani mmoja ana bodaboda, wengine sijui. Mikoko imepungua, harufu ya mpingo kuungua sijaikuta kwingine. Lakini ukiniuliza kipi kilipotea kwanza, kabla ya hivyo vyote, nitakwambia ni asubuhi moja ya Jumapili, siku iliyofuata baada ya yule kolekole.

Niliamka mapema, nikamenya kamba wa chambo, nikatafuta kandambili za babu mlangoni. Hazikuwepo. Bibi akasema keshakwenda, kasema nisiamshwe. Nikakimbia mpaka kule chini. Nilimwona kwa nyuma, kakaa juu ya msingi, fimbo kwapani, anajirushia mwenyewe, anaongea na maji. Nikangoja akosee kitu nimwelekeze. Nikangoja sana. Nilikuwa nimetaka kwa moyo wangu wote aweze kuvua mwenyewe, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mwenyewe maana yake ni bila mie. Nikarudi nyumbani na kamba wangu mkononi.

"Umemwona?" bibi akauliza.

"Nimemwona."

"Anaendeleaje?"

"Hanihitaji."

"Alhamdulillahi," bibi akasema, akanisogezea masufuria ya jana nikayasugue.