Saluti ya Mfaransa

Siku hiyo ilianza kwa maharage. Tulikuwa tumeketi nyuma ya handaki, mpakani mwa nchi yetu, Uganda, na Kapteni Opio alikuwa akinyoa ndevu huku akitusimulia, kwa mara nyingine, habari za Mfaransa wake.

Mfaransa huyo aliishi karne ya kumi na nane, na Kapteni alisoma habari zake kwenye kozi ya maofisa. Alikuwa mtoto wa mwoka mikate. Aliingia jeshi la mfalme akiwa bado hajaota ndevu, enzi ambazo vyeo vilikuwa vya watoto wa wakubwa. Alipigana Ujerumani, akavushwa bahari akapigane tena, akapoteza jicho. Vijana wa kitajiri walimpita mmoja baada ya mwingine, naye akabaki na usajini wake. Ukapteni ulimkuta na mvi. Akastaafu, akarudi kwao, akafa kitandani.

"Hapo kitandani ndipo ninapopataka," Kapteni alisema. "Vita vyote vile, halafu mtu anafia kwenye shuka safi."

"Na jicho je, afande?" nikamtania.

"Jicho wachukue."

Yeye pia alikuwa amepanda kutoka chini kabisa, na kustaafu kwake kulikuwa karibu. Tulimwita Mfaransa na alipenda. Pale mbele alikuwa na amri moja tu isiyo na mjadala: hakuna kupiga saluti. Ng'ambo ya mto kulikuwa na mdunguaji, na mdunguaji hamjui mkubwa mpaka umwonyeshe.

Kabla ya adhuhuri akafika kanali kutoka makao makuu, buti zinang'aa. Akapita katikati yetu na hakuna aliyeinua mkono.

"Kapteni, askari wako hawana adabu?"

"Afande, hapa hatupigi saluti. Wanatuona kutoka ng'ambo."

"Nimekuja kukagua jeshi au wachunga ng'ombe? Simama pale juu wakupigie, nione kama wanajua."

Kanali mwenyewe alibaki ndani ya handaki, kivulini.

Kapteni alitutazama. Akapanda.

Tukainua mikono.

Mlio ulikuwa mmoja.

Tulimfunika kwa koti langu la mvua, kwa sababu shuka haikuwepo. Kanali aliondoka na gari lake, na baadaye akapandishwa cheo. Namchukia mpaka leo, na chuki yangu haijamfufua mtu.

Sasa mimi ni mlinzi wa mlangoni huku Uarabuni, kwenye maghorofa ya Jumeirah Lake Towers. Nina kitanda changu kwenye kambi ya wafanyakazi, kile cha juu, na shuka nafua kila Ijumaa. Huenda nikafia humo. Nimelala humo miaka na sijaona bado alichokuwa anakitamani Kapteni. Ni godoro tu, na dari iko karibu na uso.

Wenye jengo wanataka wapangaji wote wapigiwe saluti. Nilipoanza kazi nilijaribu kuinamisha kichwa tu, na msimamizi wetu, Mkenya, akanivuta pembeni.

"Wewe si ulikuwa army, bro? Salute iko wapi? Madam anashuka. Yalla."

Nikapiga. Madam akapita akitazama simu yake.

Napiga kila siku. Mkono ukipanda, macho yangu huenda kwanza kwenye madirisha ya mnara wa ng'ambo, yote, halafu humrudia madam, kuona kama bado anatembea.