Cigar za bosi ziligeuka "feki" mikononi mwangu, mama yangu asiyevuta ndiye aliyezikagua

Wakuu, salama humu?

Mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika ni mara chache. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa rohoni, na humu hakuna anayenijua. Yote yalinitokea mimi mwenyewe, sijaruka hata sehemu ninazoonekana mjinga. Ziko mbili, mtaziona.

Nipo Mpanda. Nasimamia kaunta ya vinywaji kwenye hoteli moja hapa mjini. Sio hoteli kubwa, ila wageni wanaoelekea mbugani hulala kwetu, na wengine wana hela zao na mambo yao.

Mwezi wa sita bosi alirudi safari na boksi la cigar. Zile nene, za kahawia, kila moja imevishwa kipete cha karatasi. Boksi lenyewe la mbao, ukilifungua linanukia mpaka unataka kulifungua tena. Bosi alivuta moja barazani siku hiyo hiyo, akafumba macho, akasema hizi ni za wageni wa maana. Akanikabidhi mimi.

Kwa wasiojua, cigar haina karatasi kama sigara. Ni majani ya tumbaku yaliyoviringishwa ndani ya jani jingine. Na moshi wake haumezwi, unauweka mdomoni, unausikilizia, unautoa. Haya nimeyajua baadaye.

Mimi nilizipenda kwa macho. Nikaweka boksi kwenye shelfu ya juu, mfuniko wazi, ili mgeni akikaa tu azione. AC iko hapo hapo juu yake. Nikajiona nina akili ya biashara.

Mwezi wa nane, kiangazi kimekaza, midomo inapasuka, akaja mgeni mmoja kutoka Dar na familia yake. Akaagiza cigar moja. Akaiwasha kwa utaratibu wa mtu anayejua, akavuta mara tatu, akaiweka chini. Kisha akaibonyeza kwa vidole, ikapukutika mezani.

Akamwita bosi. Hakupiga kelele, alisema tu, "Mzee, hii siyo yenyewe. Ama umeuziwa feki, ama kuna mtu wako amekubadilishia."

Bosi akaniangalia mimi. Yeye alishavuta moja na ilikuwa nzuri, kwa hiyo kuuziwa feki haikuwezekana. Nikabaki mimi.

Akaniambia anasafiri wiki mbili, na akirudi anataka kujua original zake ziko wapi, la sivyo tutaongelea polisi.

Wakuu, sijawahi kuiba kijiko. Na mji wetu mnaujua, ukitoka kazini na jina la mwizi hakuna kaunta itakayokupokea, uanzie Makanyagio uishie Nsemulwa. Nilishindwa kula siku ile.

Nikamwomba bosi cigar mbili nikazichunguze. Akasema chukua, hazina kazi tena.

Hapa niwatambulishe kwa mama. Naishi naye Kawajense tangu mzee wangu afariki. Ni kiongozi wa akina mama kanisani kwao, na kwake kuvuta ni dhambi, hakuna mjadala. Lakini mama huyu huyu amechambua tumbaku kule kijijini Nsimbo zaidi ya miaka ishirini. Mzee alilima, mzee akasaini karatasi za mauzo sokoni, ila aliyekaa chini na kutenganisha jani moja moja kwa daraja lake alikuwa mama. Mfunge macho, umpe jani, atakuambia lilitoka chini ya mche au juu.

Hajawahi kuonja hata mara moja. Sikuwa na mwingine wa kumuuliza.

Nilimpa moja anuse. Akaigeuzageuza, akasema, "Rangi hii sokoni wangeikataa." Yeye amezoea tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwenye bani, banda la kukaushia, kwa joto la moto, ikitoka vizuri inakuwa ya njano. Kahawia kwake ni jani lililoharibika. Nikaona nimekwisha.

Kabla sijakaa sawa, akachukua kisu cha jikoni akaipasua cigar toka kichwani mpaka mkiani.

Nilipaza sauti. Nilitaka anuse tu, na nilikuwa nazo mbili tu duniani. Akanishangaa kweli.

"We mtumba unaukagua kwa juu? Uongo wote unakaa katikati."

Waliolima tumbaku wananielewa hapa. Mkulima mjanja hupanga majani mazuri nje ya mtumba, lile furushi la kupeleka sokoni, takataka anazika katikati. Mama hajawahi kuamini kitu kilichofungwa mpaka akifungue.

Akapanga majani kwenye ungo. Yalikuwa makavu yanakatika, lakini nikaona kitu ambacho sikukitegemea: yalikuwa majani mazima, marefu, yamekunjwa kwa ustadi. Hakuna vipande, hakuna vumbi. Akachukua moja, akalipulizia pumzi ya mdomo lilainike, ndipo akalinusa. Akarudia. Akalirudisha kwenye ungo.

"Hii haikupita motoni. Imekaushwa kwa hewa, halafu ikarundikwa ikajipika yenyewe. Ni kazi ya siku nyingi hii. Na aliyeifunga hakuficha kitu." Kisha akauliza, "Mlikuwa mnaiweka wapi?"

Nikamweleza shelfu, mfuniko wazi, AC.

"Basi hujaiba, baba. Umeziua."

Huo ni ujinga wangu wa kwanza.

Cigar ile ya pili akasema itarudi hali yake, tusiwe na haraka. Alinieleza kwamba tumbaku ikitoka bani huwa kavu kiasi kwamba ukiigusa inavunjika, kwa hiyo wanamwaga maji sakafuni, kamwe sio juu ya majani, na kuyaacha yavute unyevu yenyewe. Akachukua ndoo yenye mfuniko, akatandika kitambaa kibichi chini, akaweka bakuli kifudifudi juu yake, cigar akailaza juu ya bakuli isiguse maji. Kila asubuhi anafungua ipumue, anaibonyeza kidogo, anafunga.

"Ila habari hii isifike kanisani," akasema.

Siku ya kumi na mbili akaniita nibonyeze. Ilibonyea na kurudi, kama mkate mpya.

Bosi aliporudi nilimpa ile cigar mchana, barazani pale pale, nikamwambia zilikauka tu na hii nimeirudishia unyevu. Akakata kichwa, akawasha. Mimi nimesimama pembeni. Akavuta mara moja, mara ya pili, akafumba macho.

"Imefifia kidogo, lakini ndiyo yenyewe," akasema. Akaniomba radhi mbele ya wafanyakazi wote, halafu akanipa nionje.

Nilikuwa na hamu kweli ya kujua. Mwanzoni ilinichoma ulimi. Nikatulia, nikaacha kuvuta kwa pupa. Ikaja kahawa chungu, halafu karanga zilizokaangwa zikaungua kidogo, halafu utamu fulani wa mbali. Mwishoni kabisa ikabaki harufu ambayo naijua tangu utoto.

Bosi akauliza kuifufua hivi nimejifunzia wapi. Nikasema nimekulia kwenye tumbaku. Akasema kuanzia leo boksi zima ni kazi yako, wewe ndiye mtaalamu.

Nikakubali. Sikuongeza neno.

Nyumbani nilimkuta mama anachambua mchele. Akauliza ladha yake ikoje, maana kaishika miaka yote hiyo na hajui. Nikamwambia mwishoni ni kama bani asubuhi, mlango ukifunguliwa. Akatabasamu. "Basi naijua."

Halafu akauliza, "Na mimi ulinitaja?"

Nikamwambia si ulikataza.

"Nilisema isifike kanisani. Kwani bosi wako nasali naye?"

Akaendelea na mchele wake. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Nikamkumbuka mzee akisaini sokoni na watu wakimpa mkono, mama amekaa pembeni na vidole vyeusi vya utomvu. Nami nilikuwa nimefanya hivyo hivyo, saa chache tu zilizopita. Huo ni ujinga wa pili, na huu sina AC ya kuusingizia.

Kesho yake nilimweleza bosi yote, pamoja na shelfu. Nilitegemea anifukuze. Aliuliza swali moja tu: "Anaweza kuja lini?"

Sasa mama anakuja kila Ijumaa mchana na mkoba wake. Chupa za pombe hazitazami. Anafungua ndoo tulimohamishia cigar zote, anabonyeza moja moja, anafunga. Analipwa. Tuna karatasi ya ukaguzi pale, na anasaini mwenyewe, majina yote matatu, taratibu, bila kufupisha.

Nilichojifunza: ukisifiwa kwa kazi, angalia kwanza nani alikaa chini akaifanya.

Wazoefu wa cigar mnijuze, ikikauka hivyo ladha inarudi yote au ndiyo basi? Na nyie watoto wa wakulima wa tumbaku mliomo humu, kwenu nani alikuwa anachambua, na nani alikuwa anasaini? Karibuni.