Kadi ya Mwamuzi wa Chicons

Radjabu aliiona kadi yake Jumapili ya pili ya Julai, mbele ya meza ya vinywaji kwenye uwanja wa Ganshoren, na tangu dakika hiyo hakumwamini mtu.

Timu anayoichezeshea kama mwamuzi ni ndogo, inacheza besiboli wakati wa kiangazi tu, na inaitwa Chicons, jina la ile mboga chungu wanayoipenda Wabelgiji. Kombe haijawahi kulinusa. Mwaka huu ilihitaji wavu mpya, basi Doudou, mdakaji wao, Mkongo wa Lubumbashi anayefanya kazi ya kuchapa mabango, akatengeneza kadi za kuuza: picha mbele, utani nyuma, tano tano ndani ya bahasha. Séraphin, mrushaji, alipigwa picha amevaa sufuria kichwani, na nyuma yake imeandikwa: "Mipira iliyofika ilikotakiwa: tisa. Iliyofika kwa jirani: kumi na nne." Watoto walibadilishana kadi, watu wazima walicheka wakishika mbavu.

Kadi ya mwamuzi ilimwonyesha Radjabu amesimama wima kama askari wa zamu, na juu ya jicho lake kimechorwa kitambaa cheusi, kile cha maharamia. Jicho la kushoto.

Sasa, jicho la kushoto la Radjabu lilikuwa limekufa miaka miwili iliyopita, na alilifanyia mazishi ya siri.

Mtu huyu alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, akachezesha kandanda ya mitaani kabla vita havijamtenganisha na wenzake. Schaerbeek, Ubelgiji, amekaa miaka ishirini na sita. Kazi yake ni kuendesha gari dogo la kuwapeleka wagonjwa hospitali na kuwarudisha. Ni mtu wa saa: akisema saa moja na nusu, uwe umeshavaa koti. Besiboli ilimkuta mtu mzima. Alikaa pembeni mwa uwanja Jumapili tatu akisoma sheria, ya nne mwamuzi hakuja, wakamwita yeye, na hajatoka tena. Walimpenda kwa sababu hapendelei. Hata Doudou, ambaye mama yake Antoinette ni abiria wa Radjabu kila Jumanne kwenda kusafishwa damu, alishatolewa nje mara mbili katika kiangazi kimoja.

Jicho lilianza na ukungu. Daktari akasema presha imeua mshipa wa ndani, halirudi, na asibebe tena abiria mpaka apimwe upya. Radjabu aliitikia vizuri, akashuka ngazi, akawasha gari. Alimwambia Nuru, mke wake, basi.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Nuru alimwonya.

"Jicho haliui muntu," alijibu, na maneno yakaishia hapo. Uwanjani alijizoeza kuinamisha kichwa upande mmoja. Watu walidhani ni madaha ya uamuzi.

Sasa nani kasema? Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nyumbani kwake ilikuwa moja tu. Alipofika aliitupa kadi mezani, kando ya sahani ya maharagwe.

"Nuru, ulimwambia nani?"

Nuru aliitazama, akacheka kwanza. Kicheko hicho kilimuuma Radjabu kuliko kadi.

"Mimi nimwambie nani? Iyo timu yenu sijui hata inachezaka nini."

"Basi wamejua vipi?"

"Kawaulize. Lakini ukiuliza utakuwa umeshajibu, Baba Sumaya."

Hakumsikia. Alikuwa ameshahamia kwa mtuhumiwa wa pili. Mwezi wa tano, karibu na basilika ya Koekelberg, tramu ilitokea kushoto kwake na hakuiona kabisa mpaka Antoinette alipopiga kelele nyuma, "Yesu!" Alifunga breki, akamwambia mama wa watu kwamba dereva wa tramu amelewa. Je, mama alisadiki? Au alifika nyumbani akamsimulia mwanawe, mwenye kutengeneza kadi? Jumanne hiyo Radjabu alimchunguza kwenye kioo njia nzima. Mbona leo hasemi? Na mbona alipopanda kampa mikate miwili ya kukaanga, wakati siku zote humpa mmoja? Ya kumhurumia? Aliila akiishuku, na ilikuwa mitamu, jambo lililomzidishia hasira.

Jumapili iliyofuata alifika kabla ya wachezaji. Doudou alikuwa peke yake, akichora mistari ya chokaa.

"Nani alikuambia?"

"Bonjour d'abord, papa Radjabu, tusalimiane kwanza. Aliniambia nini?"

"Usinizunguke. Ni mama yako, juu ya ile tram? Ao ni bibi yangu, Nuru?"

"Tram gani?"

"Jicho, Doudou! Kama hakuna muntu alikuambia limekufa, kwa nini kitambaa uliweka ku la kushoto?"

Doudou aliweka ndoo ya chokaa chini polepole. "Papa, upande wa jicho la kuume kulikuwa logo ya équipe yetu. Donc niliweka kwenye kulibakia fasi. C'est tout. Ba-arbitres, waamuzi bote, batu banasemaka habaonake. Ilikuwa blague, utani tu."

Radjabu alitamani kuyameza maneno yake, lakini maji yalishamwagika. Doudou alimkazia macho. Radjabu akaanza kujieleza: si kufa kabisa, ni uchovu, ni vumbi, na tramu ile kweli ilikuwa mbio. Radjabu akaongeza maneno mengine.

"Papa," Doudou alisema mwishowe, "mukono yangu iko juu tangu mwanzo."

Radjabu akageuza kichwa. Mkono ulikuwa umeinuliwa pembeni, upande wake wa kushoto, vidole vitano vimetanuliwa. Hakuwa ameona hata kimoja.

Doudou aliushusha. "Maman anaingiaka mu ile gari kila mardi, kila Jumanne."

"Najua."

"Mimi sitasema kwa patron wako wa kazi. Ni wewe utasema. Ao mardi maman hatapanda."

Siku hiyo Radjabu hakuchezesha. Alisingizia tumbo, akarudi nyumbani kwa miguu, aibu imemjaa. Wiki nzima alikuwa amemshuku mkewe, amemshuku mama mgonjwa na mikate yake, na mdanganyifu alikuwa yeye. Yeye aliyewatoa watu nje kwa kosa la nusu hatua!

Jumatatu saa tatu asubuhi aliingia kwa mkuu wa kampuni yake ya magari. Akatoa kadi mfukoni, akaiweka juu ya meza.

Mkuu aliiokota, akaangalia picha, akamwangalia yeye, akacheka hadi akavua miwani kujifuta machozi. Radjabu alisimama wima vilevile kama kwenye kadi, akamsubiri amalize kucheka, ndipo amwambie.